Kushona upya viti vya mbele vya Beetle ukiwa nyumbani Mbeya: mwongozo kamili

Siku ya kwanza nilianza na kisu. Gari langu, Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971, lilikuwa limeegeshwa uani, Forest ya Zamani hapa Mbeya, nami nikakichana kiti cha dereva kama mtu anayechuna mbuzi wa sikukuu. Kava lote likaenda shimo la taka, nikaliwasha moto kwa sababu lilikuwa linanuka panya. Jioni nikakaa na reksini (ngozi ya bandia) mpya mapajani, mkasi mkononi, nisijue pa kuanzia. Nilikuwa nimechoma ramani.

Nilipomsimulia mzee mmoja fundi wa makochi pale Mwanjelwa, alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu, kava bovu ndilo paterni. Sasa umebaki na kiti kimoja. Hicho usikiguse mpaka cha kwanza kiishe." Mambo hayo mawili ndiyo yaliyobeba kazi yote iliyofuata: fumua, usichane; na shughulikia kiti kimoja kimoja, kile kingine kikibaki kizima ili ukakitazame kila unapopotea.

Naeleza Beetle kwa sababu ndiyo ninayoijua hadi springi ya mwisho. Mwenye Landrova ya zamani, Peugeot 504 au Datsun atatumia hatua zilezile. Tofauti kubwa ni namna kiti kilivyofungwa sakafuni na namna kava lilivyoshikizwa kwenye fremu.

Chagua mwezi kwanza

Huku kwetu hali ya hewa inaamua mengi. Juni na Julai, asubuhi ya Mbeya au Njombe, reksini inakakamaa kama ubao na gundi inakataa kukauka. Kuanzia Novemba mvua inakunyima ua wa kufanyia kazi. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Jua linakuwepo, ingawa na vumbi nalo halikosi, kwa hiyo mambo ya gundi yafanye asubuhi kabla upepo haujaamka, na kuvisha kava ukuachie mchana, saa sita hadi saa tisa, reksini ikiwa imepata moto.

Vitu vya kununua na vya kuazima

Reksini ndiyo itakayokula pesa. Upana wake wa kawaida ni karibu mita 1.4, na kwa viti viwili vya mbele mita nne zinatosha pamoja na akiba ya makosa. Usichague kwa rangi tu. Geuza upande wa nyuma: unataka kitambaa kilichofumwa, kinachonyumbuka kidogo ukikivuta. Kunja kona, ibane kwa nguvu kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikibaki na mstari mweupe, rudisha. Reksini ya namna hiyo inafaa stuli ya sebuleni isiyokaliwa na mtu. Ndani ya gari linaloegeshwa juani, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi ambako jua huchoma hata siku ya baridi, itapasuka mapema.

Uzi uwe wa nailoni au poliesta, ule mnene wanaotumia mafundi wa mabegi. Uzi wa pamba unaoza. Sindano za cherehani namba 16 na 18, chukua pakiti nzima maana zitavunjika. Utahitaji pia gundi ya fundi viatu, sponji ya aina mbili (nitaeleza), sponji nyembamba ya milimita 6, kamba laini ya plastiki ya milimita 4 kwa ajili ya paipingi (ule ukingo wa mviringo unaopita kwenye mishono ya kiti), gunia moja la katani, brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, bisibisi bapa, plaizi na koleo la kukatia. Ringi maalumu za kubania kava zinapatikana kwa shida huku. Mimi natumia waya wa kufungia nondo, na unashika vizuri.

Cherehani ya miguu ya nyumbani, Singer au Butterfly, inaweza. Haifurahii, lakini inaweza. Tabaka mbili za reksini inapita; ikifika kwenye paipingi, ambako tabaka ni nne, acha kukanyaga na uzungushe gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Pale inapogoma kabisa, peleka vipande vikiwa vimebanwa tayari kwa fundi wa maturubai au mabegi akupigie mishono hiyo tu. Hakuna aibu hapo.

Kutoa kiti

Anza na betri. Kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na ni mahali pabaya: springi za kiti hicho ni chuma, zikigusa vichwa vya betri kiti kinaweza kuwaka moto. Fungua waya wa hasi, na ukiwa hapo hakikisha kifuniko cha betri kipo. Kama hakipo, tafuta cha mpira kabla ya kufikiria urembo wa viti vya mbele.

Kiti cha mbele cha gari la umri huu hakina boliti. Kinateleza kwenye reli mbili. Vuta wenzo, sukuma kiti mbele hadi kigote, kisha mulika tochi ubavuni mwa reli utafute kizuizi kidogo cha chuma. Kibinye kwa bisibisi huku mkono wa pili ukiendelea kusukuma kiti mbele, nacho kitatoka chote. Reli zikiwa zimejaa matope yaliyokauka, mwagia mafuta ya taa jioni na uje kesho. Kuanzia modeli za 1973 reli ilibadilishwa, kiti kikawa na miguu mitatu, kwa hiyo chunguza kabla ya kulazimisha. Magari mengine mengi yana boliti nne tu, na ugumu wake ni kutu.

Kiti kikishatoka, inua mkeka. Sakafu ya Beetle huoza pembeni na chini ya betri. Ukiona mwanga wa nje unapenya, simamisha kila kitu umwite fundi wa kuchomelea, kwa sababu cheche za welda na reksini mpya havikai nyumba moja.

Kufumua

Kabla ya kugusa mshono, piga picha kwa simu: mbele, nyuma, chini, kila kona, na hasa namna kava linavyopinda kwenye pembe. Kisha chukua kalamu ya wino na uchore vijistari vinavyokatiza kila mshono, kimoja kila baada ya sentimita 10. Vijistari hivyo ndivyo vitakavyokuambia baadaye kipande hiki kinakutana wapi na kile. Andika namba kwenye kila kipande, andika kushoto au kulia (kwa mtu aliyekaa kitini, si aliyesimama mbele yake), na uchore mshale unaoelekea mbele ya gari.

Sasa pindua kiti. Ukingo wa kava umenasa kwenye meno madogo ya chuma kuzunguka fremu. Yainue kwa bisibisi kiasi cha kuachia tu. Jino likikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, na fremu isiyo na meno itakulazimisha kutoboa matundu na kufunga waya kila mahali. Tenganisha mgongo na kalio kwenye bawaba, na pini zake zitie kwenye kopo. Kama kuna waya zilizopitishwa ndani ya mifereji ya kitambaa upande wa ndani wa kava, zichomoe na uzinyooshe. Hizo ndizo zinazovuta reksini iingie ndani na kukipa kiti umbo.

Kava likiwa huru, fumua kwa wembe, ukikata uzi na siyo kitambaa. Kaa kivulini, weka redio, usiwe na haraka. Vipande vyote vilaze juani chini ya ubao na matofali kwa siku nzima vinyooke.

Kumbuka kwamba reksini ya zamani hudanganya kidogo. Vitu vinavyoilainisha huvukizwa na jua miaka yote hiyo, nayo hujikunja na kupungua pembeni. Katikati, mahali pa makalio, huwa imetanuka. Kwa hiyo pima kila kipande dhidi ya fremu na dhidi ya kiti kile kizima. Nilipokuta tofauti ya milimita tano, niliiamini fremu.

Chuma na springi

Hapa usikae sana, ila usiruke. Sugua kutu kwa brashi, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, acha usiku kucha. Springi iliyokatika isichomelewe: moto wa welda huua ugumu wa chuma cha springi, na itakatika tena pembeni ya pale pale. Unganisha kwa kipande cha waya mnene kilichozungushwa na kubanwa kwa plaizi. Springi iliyolala ifunge kwa jirani zake mpaka zote zilingane urefu. Kaa juu yake ukiwa umetanguliza ubao mdogo. Utasikia mara moja upande unaozama.

Halafu gunia. Mimi nilitumia gunia la kahawa kutoka Mbozi, bado linanukia. Litandike juu ya springi, likaze, lishone kwenye waya wa pembeni kwa uzi wa katani. Usipoweka gunia, springi itaisaga sponji mpya kama pumba. Nimeona viti vilivyoshonwa vizuri nje, na baada ya miezi michache sponji inadondoka chini ya kiti kama makombo ya mkate.

Kujaza

Kiwandani, Beetle ilijazwa usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) na singa (nywele za wanyama) zilizonyunyiziwa mpira. Ukikuta bado unashikana, kung'uta vumbi, uanike na uurudishe, kwani hakuna sponji inayopumua vizuri kama usumba. Wa kwangu ulikuwa umegeuka kiota cha panya, nikautupa.

Badala yake tumia tabaka mbili: chini sponji ngumu ya sentimita 5, juu laini ya sentimita 2. Muuza magodoro atakuuliza densiti. Mwambie unataka ile ngumu ya godoro la mtu mzito, siyo laini ya mto. Kwa mgongo laini zaidi inafaa. Usipime unene kwenye sehemu iliyolala; pima pembeni, ambako usumba wa zamani haujakaliwa. Nilipuuza hilo mara ya kwanza, nikaweka sponji nene kupita kiasi, kichwa kikawa kinagusa dari na magoti yanagusa usukani.

Kata sponji kwa kisu cha mkate chenye meno, kwa mikono mirefu bila kukandamiza. Iwe kubwa kuliko umbo kwa nusu sentimita kila upande, ndipo kava litakapojaa. Kingo za juu zipunguze ziwe mviringo. Gundi pake pande zote mbili, subiri hadi ukigusa kwa kidole isinate, ndipo ukutanishe. Chupa inaweza kusema dakika kumi. Asubuhi ya Mbeya ni ishirini au zaidi.

Na hapa nisisitize. Baridi ikikubana usiingize jiko la mkaa mahali unapopaka gundi. Mvuke wa gundi hutambaa chini sakafuni na kushika moto kabla hujajua. Vaa sweta, fungua mlango.

Kukata reksini

Tandaza reksini kifudifudi mezani. Panga vipande vyote vielekee upande mmoja, kwa sababu reksini hunyumbuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine na michirizi ya uso wake hung'aa tofauti ukiigeuza. Chora kwa chaki au kalamu, hamisha kila kijistari ulichoweka, acha sentimita 1.2 ya mshono, na kwenye ukingo wa chini unaonasa meno ongeza sentimita 4. Ziada utaikata, pungufu huwezi kuirefusha.

Vipande vya ubavuni vina mapacha, cha kushoto na cha kulia. Paterni ya kushoto lazima uipindue ili ipatikane ya kulia. Mimi nilikata viwili vya kushoto. Vilikaa mezani vikiwa vizuri kabisa, na ndiyo maana sikugundua hadi niliposhona kimoja.

Kushona

Chukua mabaki ya kava la zamani na ya reksini mpya, fanya mazoezi kwanza. Refusha mshono uwe milimita 4. Mshono mfupi hutoboa reksini kama stempu ya posta na siku utakayokaa kwa kishindo itachanika kwenye mstari. Usitumie pini katikati ya kipande: tundu la reksini halizibi kamwe. Bana kwa vibanio vya nguo au vya karatasi, ndani ya eneo la mshono. Mguu wa cherehani ukinata, paka poda ya mtoto kidogo juu ya reksini, au bandika kipande cha selotepu chini ya mguu.

Anza na kipande cha katikati chenye mistari. Kibandike juu ya sponji ya milimita 6 kwa gundi kidogo, chora mistari, kisha shona ukianzia mstari wa katikati kwenda nje, kulia mara moja, kushoto mara moja. Ukianza upande mmoja hadi mwingine, kipande kitakwenda mshazari. Mistari hula upana, kwa hiyo kikate kikubwa zaidi, ushone, ndipo ukipime tena kwa paterni na kukikata kwa saizi kamili.

Paipingi: kata utepe wa sentimita 4, ufunike kamba, ushone karibu na kamba kwa mguu wa zipu. Ushikize kuzunguka kipande cha katikati kwanza. Kwenye kona, kata vijinafasi kwenye ukingo wa utepe, bila kufika kwenye mshono, upinde kwa upole. Kisha mabavu, kisha upande wa mbele, vijistari vikikutana kwa vijistari. Kila mshono anza na umalize kwa kurudi nyuma hatua tatu. Mishono inayobeba uzito, yaani ule wa mbele chini ya mapaja na ule wa upande wa mlango unaosuguliwa kila mtu anaposhuka, ipige mara mbili. Mwisho rudisha mifereji ya kitambaa upande wa ndani kwa ajili ya zile waya.

Kuvisha

Weka kava juu ya bati au juu ya boneti, jua likiwa limewaka, nusu saa. Likiwa la moto linakuwa tiifu. Sponji ifunge kwa nailoni nyembamba ili kava liteleze. Mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo mimi nilitumia ile nailoni inayofunika godoro jipya. Kava likishakaa, vuta nailoni yote itoke, la sivyo kiti kitakuwa kinalia kila unapobadili gia na jasho halitakuwa na pa kwenda.

Waya za mifereji zifunge kwenye springi kwanza. Halafu fikiria fundi anayewamba ngoma: havuti upande mmoja hadi mwisho. Nasa katikati ya mbele kwenye meno mawili, kisha katikati ya nyuma, kisha katikati ya kulia, ya kushoto. Simama, tazama kama mistari imenyooka kuelekea mbele. Ikiwa imepinda, fungua sasa, maana kesho hutafungua. Ndipo uendelee kidogo kidogo kutoka katikati kwenda kwenye pembe. Pembe ni za mwisho kabisa. Zikunje kama kona za shuka la hospitali na ukate ziada kwa ndani.

Funga meno nusu tu mpaka uridhike na kila upande, ndipo uyagonge kwa nyundo ndogo. Mahali jino lilipokatika, toboa na ufunge waya wa nondo, ncha zake ukizipinda ziangalie juu, si kwenye suruali ya anayekaa nyuma.

Mikunjo midogo isikutie wasiwasi. Weka kitambaa chenye unyevu, pitisha pasi ya moto wa wastani haraka haraka bila kutulia, kisha sugua kwa kiganja kuelekea pembeni. Pasi ya mkaa inafaa, ila ipulize majivu mbali kwanza. Mkunjo usiotoka kwa pasi unatokana na sponji pungufu hapo chini, na dawa yake ni kufungua meno manne na kuingiza kipande.

Kurudisha garini

Safisha reli, paka grisi kidogo, telezesha kiti kutoka mbele kwenda nyuma, na hakikisha kile kizuizi kimeruka na kurudi mahali pake. Kisha kaa, shika usukani, ujisukume nyuma kwa miguu kwa nguvu zako zote, katika kila nafasi ya wenzo. Kiti kikihama hata mara moja, gari halitoki uani. Fikiria upo kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa, lori mbele na basi nyuma, na kiti chako kinateleza kuelekea viti vya nyuma huku mguu ukiiachia klachi. Mara nyingi tatizo ni springi ya wenzo iliyochoka au meno ya reli yaliyolika, vyote vinabadilishwa.

Rudisha waya wa betri, endesha wiki mbili, halafu kitoe kiti tena. Sponji itakuwa imelala kidogo na kava limelegea pembeni. Fungua ukingo wa nyuma, vuta milimita chache, gonga meno upya. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kuchukua wembe na kuanza kufumua kiti cha abiria.